Kwa nini mkokoteni mmoja unaondoka na mwingine unagoma? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu msuguano, tungamo na mchapuko

Nafundisha fizikia sekondari hapa Mtwara. Jioni simu yangu hujaa maswali ya wanafunzi wa Kidato cha Pili, ya wazazi wanaosimamia kazi za nyumbani, na mara mojamoja ya vijana wa mikokoteni pale sokoni, ambao mada hii wanaijua kwa mabega kuliko ninavyoijua mimi kwa chaki. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mwaka. Shule ya msingi mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili, akifika sekondari kila kitu kinageuka Kiingereza, na wengi hudondosha maana njiani wakabaki wameshika fomula. Kwa hiyo humu ni Kiswahili mwanzo hadi mwisho.

Katika hesabu zote nimechukua mvutano wa dunia kuwa nyutoni 10 kwa kila kilo (nyutoni ni kipimo cha nguvu), ziende bila kikokotoo. Kwa hapa kwetu, nyuzi 10 kusini mwa ikweta, namba halisi inakaribia 9.78.

Mchapuko ni nini? Si ndiyo kasi yenyewe?

Hapana. Kasi inakuambia kitu kinakwenda upesi kiasi gani. Mchapuko unakuambia kasi hiyo inabadilika kiasi gani kila sekunde. Mkokoteni uliosimama ukifikia kasi ya mita 1 kwa sekunde baada ya sekunde 2, mchapuko wake ni 0.5, yaani kila sekunde kasi inaongezeka kwa mita 0.5 kwa sekunde. Basi linalokata barabara ya Mingoyo kwa kasi ileile bila kupunguza wala kuongeza, kwenye barabara iliyonyooka, mchapuko wake ni sifuri, hata kama abiria wameshika viti kwa hofu. Na dereva akikanyaga breki, huo nao ni mchapuko, ila unaelekea kinyume.

Kwa kifupi kabisa, msuguano unafanya nini na tungamo linafanya nini?

Nitajibu kwa lugha ya mnada wa korosho. Nguvu unayosukumia ni bei iliyotajwa mnadani. Msuguano ni makato. Mkulima hali bei ya mnada, anakula kilichobaki baada ya makato. Kitu nacho hakichapuki kwa nguvu yote uliyotia, kinachapuka kwa kani, yaani nguvu, iliyobaki baada ya msuguano kukata chake. Halafu hicho kilichobaki kinagawanywa kwa kilo zote za mzigo, kila kilo ipate sehemu yake. Kilo zikiwa nyingi, mgawo unakuwa kiduchu.

Kwa maandishi ya daftari: mchapuko ni kani ya kusukuma, toa msuguano, gawanya kwa tungamo, yaani kilo zote. Ndiyo sheria ya pili ya Isaac Newton, aliyoichapisha mwaka 1687, na haijahitaji marekebisho kwa kitu chochote utakachokisukuma Mtwara.

Tupe mfano wenye namba.

Chukua mkokoteni wa kilo 60, ule wa ringi na tairi za gari kuukuu. Upakie magunia 3 ya korosho, kila moja kilo 80. Jumla kilo 300. Kijana anausukuma kwa nyutoni 200 kwenye lami tambarare. Kwa tairi zenye upepo wa kutosha na beringi nzima, msuguano wa kuviringika tuukadirie asilimia 2 ya uzito. Uzito ni nyutoni 3,000, kwa hiyo makato ni 60. Zimebaki 140. Gawanya kwa 300: mchapuko ni kama 0.47. Baada ya sekunde 3 anakwenda mwendo wa mtu anayetembea.

Sasa ushushe mkokoteni huohuo kwenye mchanga mkavu. Huko makato si asilimia 2 tena, ni 20 au zaidi. Asilimia 20 ya 3,000 ni nyutoni 600. Kijana ana 200 tu. Mkokoteni hautikisiki, na watu wanaopita wanaanza kutoa ushauri.

Kwa hiyo tungamo linaumiza mara mbili? Linaongeza msuguano, halafu linagawanya kilichobaki?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na nilipoulizwa mara ya kwanza nilijibu vibaya. Nilisema ndiyo, mara mbili. Ukiangalia juujuu ni kweli. Lakini tazama tena makato ya korosho: yanatozwa kwa kilo. Mwenye kilo nyingi anakatwa shilingi nyingi, ila kila kilo imekatwa kiasi kilekile. Msuguano ndivyo ulivyo.

Pima kwenye lami, nguvu ikiwa nyutoni 200 zilezile. Mkokoteni mtupu wa kilo 60 ungepata mchapuko wa 3.33 kama msuguano usingekuwapo. Ukiwapo unapata 3.13. Wenye kilo 300 ungepata 0.67, unapata 0.47. Wote wawili wamepoteza 0.2. Mwepesi hakupendelewa, mzito hakuonewa. Tofauti ni kwamba kwa mwepesi 0.2 ni chenji, na kwa mzito ni karibu theluthi ya alichokuwa nacho. Ongeza mzigo hadi jumla ifike kilo 1,000 na mgawo wenyewe unakuwa 0.2, makato yanaumaliza wote. Hapo mkokoteni unagoma hata kwenye lami nzuri.

Kwenye mchanga makato ya mchapuko ni 2 kwa kila mkokoteni. Mtupu, mwenye 3.33, bado unaondoka. Uliojaa, wenye 0.67, hauna cha kukatwa.

Kitu kikiwa kigumu kusukuma, nitajuaje kama kinachonizuia ni msuguano au ni tungamo?

Nenda ufukweni asubuhi. Kwa miaka mingi nimefundisha hili ubaoni bila mafanikio, mpaka siku moja nilipowapeleka wanafunzi Mikindani tukasimama kutazama ngalawa ikishuliwa.

Maji yalikuwa yamekupwa na ngalawa imekaa mchangani, ubavu mmoja umeinama. Wanaume sita walikuwa wameizunguka. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na kwenye kiitikio wote wanaingiza bega. Chombo kinatetemeka, hakiendi. Akatoka mtu wa saba, kijana aliyekuwa anakunywa uji kwenye bakuli la plastiki. Akaliweka chini, akafuta mikono kwenye suruali, akashika tezi, yaani nyuma ya chombo. Kiitikio kilichofuata ngalawa ikaenda, taratibu, ikiacha mfereji mchangani, hadi ikafika majini. Ilipoelea tu, wanaume wote wakaiachia. Mtoto wa miaka kumi hivi akaisukuma kwa mikono miwili hadi kwenye kina.

Nikawauliza wanafunzi: ngalawa imepungua kilo ilipogusa maji? Wengi wakasema ndiyo.

Haikupungua hata moja. Tuseme ni kilo 400, na chini yake mchanga unakata nusu ya uzito, yaani nyutoni 2,000. Kila mwanaume anatoa 300. Sita wanatoa 1,800, haifiki. Saba wanatoa 2,100. Zinabaki 100, na 100 kwa kilo 400 ni mchapuko wa 0.25. Sasa nenda majini, ambako mwanzoni makato ni karibu sifuri. Mtoto anatoa nyutoni 100. Gawanya kwa 400: mchapuko ni 0.25. Uleule! Mtoto mmoja amelingana na wanaume saba, kwa sababu wale saba walikuwa wanalipa msuguano na chenji yao ilikuwa ni 100 tu.

Kipimo ni hiki basi. Msuguano unakuambia *hapana* mpaka ufikishe bei yake. Tungamo halikatai kamwe, linakuambia *ngoja*. Kitu kikikataa kabisa kutikisika, kinachokuzuia ni msuguano. Kikikubali lakini kikaanza kwa uvivu, na baadaye kikakataa kusimama, hilo ni tungamo.

Ina maana majini hakuna msuguano?

Upo, ila tabia yake ni nyingine. Maji hayakamati chombo kilichosimama. Ukinzani wake unaanzia sifuri na unakua kadiri kasi inavyokua, na kwa chombo kinachokwenda upesi unakua haraka kuliko kasi yenyewe. Ndiyo maana kuiondoa ngalawa ni rahisi na kuikimbiza kwa kasia ni shughuli. Mchanga ni kinyume chake: unadai karibu bei yote kabla hujasogea, na ukishasogea hujali sana unakwenda kwa kasi gani.

Swali kutoka kwa mwanafunzi wa Shangani: kwa nini meli zinakuja gatini polepole hivyo, wakati boti inayozisukuma ina nguvu nyingi?

Kwa sababu ya tungamo tupu, bila kisingizio cha msuguano. Meli ikiwa na tani 20,000 hizo ni kilo milioni 20. Boti ikiisukuma kwa nyutoni 200,000, mchapuko ni 0.01. Baada ya dakika nzima meli imefikia mita 0.6 kwa sekunde, mwendo wa bibi akitoka sokoni na kikapu. Shida inakuja kwenye kusimama. Kuiondoa kasi hiyo kwa nguvu ileile kunataka tena dakika nzima na kama mita 18. Nahodha akifika karibu na gati akiwa na haraka, hana mita 18. Matairi makubwa yaliyoning'inizwa gatini yanasaidia kupokea mgongano mdogo, si uzembe.

Kwa nini kabati ni gumu kuanza kusogea, lakini likishaanza linakuwa jepesi?

Msuguano una bei mbili. Kitu kikiwa kimetulia, nyuso mbili zinazogusana zimekaa na kushikana vizuri, na kuzibandua kunataka nguvu kubwa. Zikishaanza kuteleza hazipati nafasi ya kushikana vile tena, bei inashuka. Kabati la kilo 80 kwenye sakafu ya saruji linaweza kudai nyutoni 320 ili lianze, kisha 240 tu ili liendelee. Ukilitikisa kwa 330 litaondoka ghafla, kwa sababu papo hapo 90 zinabaki huru na mchapuko unakuwa 1.1. Ndiyo ile hali ya kusukuma kabati, likaachia, ukalifuata kwa paji la uso. Mimi nina alama juu ya nyusi ya kushoto inayothibitisha sura hii ya kitabu.

Nikisukuma kabati hilo kwa nyutoni 100 na halisogei, msuguano ni 320?

Ni 100. Msuguano wa kitu kilichotulia haujibu zaidi ya ulivyouliza. Sukuma 100, unarudisha 100. Sukuma 250, unarudisha 250. Hiyo 320 ni dari tu. Fikiria ingekuwa kweli 320 wakati wewe unasukuma 100: kabati lingekusukuma wewe. Kosa hili nalisahihisha kila muhula, na kalamu nyekundu inaishia hapa.

Nikililaza kabati ili eneo linalogusa sakafu liwe kubwa, msuguano unaongezeka?

Kwenye sakafu ngumu, hapana. Mfaransa Guillaume Amontons alilieleza hili mwaka 1699: msuguano unafuata jinsi vitu vinavyokandamizana, haufuati ukubwa wa eneo. Ukilaza kabati uzito ni uleule, umesambaa tu. Mwanzoni hata wasomi wenzake waliliona la ajabu.

Lakini usiipeleke kanuni hiyo mchangani. Kule kitu chembamba kinazama, na kikishazama hakitelezi tena, kinalima. Eneo kubwa linakuokoa usizame. Ndiyo maana madereva wanaoingia njia za mchanga hupunguza upepo kwenye tairi: tairi inabonyea, inakaa kwa upana, haichimbi. Ukifika kwenye lami uujaze tena, maana tairi laini kwenye lami inaongeza makato na kula mafuta.

Kwa nini mchanga mbichi ni rahisi kupita kuliko mkavu?

Maji machache huziunganisha chembe za mchanga kama gundi nyepesi, mchanga ukawa mgumu na kitu hakizami wala hakikusanyi kilima mbele yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walivuta sileji (chombo cha kuburuza kisicho na magurudumu) yenye mzigo juu ya mchanga wakakuta kwamba kiasi sahihi cha maji kinaweza kupunguza nguvu inayotakiwa hadi karibu nusu. Walikuwa wanafuatilia mchoro wa kale wa Misri unaoonyesha sanamu kubwa ikivutwa, huku mtu aliyesimama mbele ya sileji akimwaga maji. Kwetu anayejua hili bila mchoro ni yeyote aliyewahi kwenda Msimbati: gari linapita vizuri karibu na maji yanapokupwa, na linakwama pale juu palipokauka. Maji yakizidi sana faida inaondoka, mchanga unageuka uji.

Mkokoteni uliokwama niusukume au niuvute?

Uvute, kama mabega yako yako juu ya kimo cha mpini. Ukisukuma kwa kuinamia, sehemu ya nguvu yako inakwenda chini na kuongeza uzito. Ukivuta, sehemu hiyohiyo inakwenda juu na kuupunguza. Mkokoteni mdogo wa madumu, jumla kilo 80, kwenye mchanga unaokata asilimia 20: ukitia nyutoni 200 kwa kuinama nyuzi 30, mbele zinakwenda 173 na wima zinakwenda 100. Ukisukuma, ardhi inabeba 900, makato ni 180, umekwama. Ukivuta inabeba 700, makato ni 140, zinabaki 33 na mchapuko ni 0.4. Mtu yuleyule na jasho lilelile.

Gurudumu linapunguza nini hasa, tungamo au msuguano?

Msuguano tu. Linabadilisha kuburuza kuwa kuviringika, na kinachobaki kuteleza ni ndani ya beringi, ambako kuna gololi za chuma na grisi. Mkokoteni unaolia barabara nzima unakuambia grisi imekwisha. Tungamo halijaguswa, na ukitaka ushahidi jaribu kuusimamisha mkokoteni wenye magunia kwenye mteremko.

Nguvu ya anayesukuma inatoka wapi? Kuna kijana ana misuli kweli lakini kwenye sakafu yenye maji hawezi kitu.

Inatoka miguuni, na miguu inaikopa kwa msuguano. Wewe unaisukuma ardhi nyuma, ardhi inakusukuma mbele. Kijana wa kilo 60 mwenye kandambili kwenye sakafu iliyolowa, ambako nyayo zake zinashika asilimia 30 tu ya uzito wake, hawezi kutoa zaidi ya nyutoni 180, awe na misuli ya namna gani. Akivua kandambili na sakafu ikifutwa, pengine anafika 400. Wachukuzi wazuri huangalia kwanza wanaposimama, kisha ndipo wanaangalia mzigo.

Na hapo ndipo penye jibu la wale wanaouliza maisha yangekuwaje bila msuguano: usingeweza hata kuutoka mlango ili ukafurahie.

Lori lenye mzigo na lori tupu, lipi linasimama mapema?

Kwa kitabu, yote sawa. Tairi zikiacha kuzunguka zikaanza kuserereka, msuguano mkubwa wa lori zito unagawanywa kwa tungamo lake kubwa, na mgawo unakuwa uleule wa lori tupu. Kinachoamua ni barabara. Kwa kasi ya kilomita 54 kwa saa, lami kavu yenye namba ya msuguano 0.7 (yaani msuguano ni asilimia 70 ya uzito) inakusimamisha ndani ya mita 16. Mvua ikilowesha lami namba ikashuka hadi 0.4, unahitaji mita 28. Hizo ni za kuserereka tu. Zile ulizotembea wakati jicho linaona na mguu unatafuta breki hazimo. Sisi wa kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili hivi, na manyunyu ya kwanza ndiyo mabaya: yanakutana na vumbi na mafuta ya miezi yote ya kiangazi.

Barabarani, hata hivyo, lori zito linasimama mbali zaidi, kwa sababu breki zake mara nyingi haziwezi kuzishika tairi hadi ukingoni. Breki zina nguvu yenye kikomo, kilo za kugawana ni nyingi, na joto linalozalishwa linaongezeka sawasawa na tungamo. Breki zikichemka zinalegea. Ukishuka kutoka uwanda wa Newala ukasikia lori linanguruma kwa gia ndogo, dereva anazitunza breki kwa ajili ya kona ya chini.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hawaliamini. Yale mafuta makali ya ganda la korosho, yanayowababua mikono wabanguaji, yakipikwa kiwandani, yakagandishwa na kusagwa kuwa unga, huchanganywa kwenye pedi za breki na sahani za klachi. Unga huo husaidia breki ishike kwa kiasi kisichoyumba hata joto linapopanda. Na sisi sehemu kubwa ya korosho tunaiuza ghafi, pamoja na ganda lake. Kwa hiyo tunasafirisha korosho nje ya nchi na msuguano juu yake, kisha tunarudi kununua pedi dukani.

Swali kutoka Lindi: wale waliochimba mifupa ya dinosaria Tendaguru walibeba kichwani. Si wangeiburuza tu?

Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walisimamia uchimbaji pale, na wapagazi wakabeba zaidi ya tani 200 za mifupa hadi Lindi, safari ya kama siku nne kwa miguu. Mfupa mkubwa ulipasuliwa vipande na kufungwa mizigo. Kwa macho ya fizikia uamuzi ule unaeleweka. Mzigo wa kilo 30 ukiuburuza kwenye kichaka, ardhi inaweza kukata nusu ya uzito, nyutoni 150 kila hatua, mawe na visiki bila kuvihesabu. Ukiwa kichwani haugusi ardhi, na ukitembea kwa mwendo uleule kwenye tambarare hakuna kani ya mbele unayodaiwa na mzigo. Shingo na magoti ndiyo yanalipa, na hayo fizikia ya Kidato cha Pili haiyahesabu. Unapoanza kutembea na unaposimama ghafla, hapo tungamo linajitokeza: mtu aliyebeba ndoo ya maji anajua kwamba hakuna kushtuka.

Mifupa yenyewe imesimamishwa Berlin hadi leo.

Tungamo na uzito si kitu kimoja?

Sokoni ni kimoja, na usigombane na muuza samaki. Darasani, tungamo ni kiasi cha kitu, kilo zake, na halibadiliki popote. Uzito ni jinsi dunia inavyokivuta. Mwezini gunia la kilo 80 lingekandamiza sakafu kwa nyutoni kama 130 badala ya 800, msuguano wake ungepungua kwa kiasi hicho, ila ukilirusha likufuate kifuani lingekuangusha vilevile.

Naweza kupima msuguano nyumbani bila maabara?

Unaweza. Tafuta ubao wa mita 1 ulio laini, ndala moja na rula. Weka ndala juu ya ubao, inua ncha moja taratibu mpaka ndala ianze kuteleza, shikilia hapo. Pima kimo cha ncha iliyoinuliwa na urefu wa chini, kutoka ncha iliyobaki sakafuni hadi chini ya ncha iliyoinuliwa. Gawanya kimo kwa urefu huo. Kimo kikiwa sentimita 40, chini kutakuwa na kama 92, na namba ya msuguano ni 0.43. Rudia mara tatu, maana mkono hutetemeka.

Kisha fanya kile kinachozua ubishi darasani kwangu kila mwaka: weka jiwe juu ya ndala, lifunge kwa uzi lisianguke, upime tena. Kabla hujapima, andika utabiri wako. Nusu ya darasa huandika kwamba ndala itateleza mapema kwa kuwa ni nzito, nusu huandika kwamba itachelewa kwa kuwa imebanwa. Kimo kinatoka karibu kilekile. Wanabadilisha jiwe, wanachukua kubwa zaidi, kimo kinagoma kubadilika, na kuna anayedai ubao umerogwa.

Mwisho lowesha ubao kwa maji ya sabuni urudie. Ukimaliza futa sakafu kabla mama hajapita.